Utumwa wa Marekani ya kikoloni: tunayodhani na yaliyoandikwa kwenye sheria

Dhana: Utumwa uliingia Virginia mwaka 1619 ukiwa na sheria zake

Tarehe ina msingi. Agosti 1619 meli ya Kiingereza iitwayo White Lion ilitia nanga Point Comfort, kwenye koloni la Kiingereza la Virginia, na kushusha Waafrika ishirini na ushei, walionyang'anywa kwenye meli ya Kireno iliyowapakia Luanda, Angola. Lakini Wahispania walikuwa na watumwa wa Kiafrika Florida tangu walipojenga mji wa St. Augustine mwaka 1565. Na Virginia yenyewe haikuwa na sheria yoyote ya utumwa siku ile. Wageni wale walibadilishwa kwa chakula, wakapelekwa mashambani, na hali zao zikatofautiana kwa miaka mingi. Anthony Johnson, Mwafrika aliyefika mwaka 1621, alipata uhuru akamiliki ardhi na mifugo. John Punch hakupata. Mwaka 1640 alitoroka pamoja na watumishi wawili wazungu, wakakamatwa wote. Wazungu waliongezewa miaka minne ya utumishi. Punch akahukumiwa kutumikia hadi kufa. Kosa lilikuwa moja.

Dhana: Mtoto ambaye bwana alimzaa na mtumwa wake alihesabiwa muungwana

Hapa wengi wetu tunapotea, maana tunaupima utumwa wa Marekani kwa kipimo cha pwani yetu. Kwa sheria ya Kiislamu, mtoto ambaye bwana amemzaa na suria wake na kumkubali huzaliwa huru na kufuata nasaba ya baba. Sayyid Barghash, aliyetawala Zanzibar kuanzia mwaka 1870, mama yake alikuwa suria Mhabeshi. Hilo halikuufanya utumwa wa pwani kuwa wa huruma, na sitaki msomaji anielewe hivyo. Nataka aone jinsi Virginia ilivyoligeuza jambo hili, kwa makusudi.

Waingereza nao walikuwa na desturi ya mtoto kumfuata baba. Elizabeth Key, binti wa Mwingereza na mama Mwafrika, aliishika desturi hiyo mahakamani: baba yangu ni muungwana, mimi nimebatizwa, na muda wangu wa utumishi umekwisha. Mwaka 1656 alishinda kesi. Miaka sita tu baadaye, mwaka 1662, baraza la Virginia likatunga sheria kwamba mtoto atakuwa mtumwa au huru kwa kufuata hali ya mama yake. Mlango alioupitia Elizabeth ukafungwa. Bwana sasa angeweza kumwingilia mtumwa wake kwa nguvu, kisha akamweka mtoto wake mwenyewe kwenye orodha ya mali. Mwaka 1667 hoja ya ubatizo nayo ikafutwa. Mwaka 1669 ikaandikwa kwamba bwana akimuua mtumwa wake kwa adhabu, si kosa la jinai. Mwaka 1705 watumwa wakaingizwa katika fungu la mali isiyohamishika, wakirithiwa kama ardhi.

Ninaposoma mfululizo huo wa miaka, siwezi kukubali hoja kwamba watu wa zama zile hawakujua walichokuwa wakifanya. Kila mara mtu alipopata upenyo, walikaa kikao wakauziba.

Dhana: Utumwa ulikuwa jambo la majimbo ya kusini tu

Koloni la kwanza la Kiingereza Amerika Kaskazini kuuhalalisha kwa maandishi lilikuwa Massachusetts, kaskazini, mwaka 1641. Mjini New York, mwanzoni mwa karne ya 18, karibu nyumba nne katika kila kumi zilikuwa na mtumwa. Rhode Island ilitunga sheria mwaka 1652 kwamba mtu asishikwe zaidi ya miaka kumi. Sheria hiyo haikutekelezwa, na bandari ya Newport ikaja kuwa kitovu cha meli za watumwa. Kinyume chake, Georgia ya kusini iliupiga marufuku mwaka 1735. Walowezi wakatazama faida ya mpunga kwa jirani zao wa South Carolina, wakalalamika mpaka marufuku ikaondolewa mwaka 1751. Kufikia 1776 makoloni yote kumi na matatu yaliuruhusu.

Dhana: Wote walitoka Afrika Magharibi

Wengi, ndiyo. Lakini mfanyabiashara Frederick Philipse wa New York alituma meli mpaka Madagaska, na Virginia pia ilipokea watumwa wa Kimalagasi. Wenyeji wa Amerika nao walitekwa kwa maelfu kutoka Carolina na kuuzwa.

Dhana: Marekani ndiyo iliyopokea Waafrika wengi kuliko kwingine

Kati ya watu milioni 12.5 hivi waliopakiwa kuvuka Atlantiki, waliofikishwa moja kwa moja Amerika Kaskazini hawazidi 400,000. Wengi mno walipelekwa Brazili na visiwa vya Karibiani. Hata hivyo sensa ya kwanza ya Marekani, ya mwaka 1790, ilikuta watumwa karibu 700,000. Wengi wao walikuwa wazalia. Hawakuwahi kuiona meli. Walizaliwa mashambani, na hali yao ilikwisha kuamuliwa mwaka 1662.