"Sina muda wa kuandika": dhana potofu na ukweli wake

Kuna watu wana hadithi kichwani tangu wako sekondari, leo wana watoto, ukiwauliza imefika wapi jibu ni lile lile, muda hamna. Sio uongo, maisha yamebana kweli, ila kuna mambo tunaaminishana kuhusu huo muda ambayo hayapo.

Dhana: mpaka upate siku nzima ya bure

Hii ndio kubwa kuliko zote ngoja niikalie kidogo. Jumamosi unayoingoja ikifika kuna kufua, kuna kikao cha harusi, kuna msiba Tegeta, gesi nayo imekata, na hata hivyo vyote visipokuwepo utafungua laptopu umechoka uishie kuangalia mpira. Anthony Trollope alikuwa mtu wa posta Uingereza karne ya 19, kazi ya kuajiriwa kabisa, basi anaamka saa 11 na nusu alfajiri, anaweka saa mezani, kila robo saa anajidai maneno 250, akimaliza anaenda kazini. Ameacha riwaya 47. (Sawa, alikuwa anamlipa mtumishi pauni 5 za ziada kwa mwaka amwamshe, na wengi wetu ndio tunaoamsha wenzetu.) Wewe wala huhitaji kasi hiyo. Maneno 200 kwa siku, ukipumzika siku moja kila wiki, mwaka ukiisha umevuka maneno 60,000, riwaya hiyo. Na maneno 200 ni ujumbe wa kumlalamikia fundi cherehani WhatsApp, unauandika umesimama.

Kinachokula muda hasa ni kuingia tena kwenye hadithi, yaani nilifika wapi, huyu alishajua au bado, unasoma kurasa tatu nyuma na nusu saa imeenda. Kwa hiyo usimalizie. Ukiona muda unaisha acha tukio katikati, chini yake andika mstari mmoja wa kinachofuata, mfano "Mama Zuhura anafungua mlango anakuta viatu vya kiume". Kesho huanzi kutafuta, unaingia na Mama Zuhura moja kwa moja.

Dhana: waandishi wa kweli hawana kazi nyingine

Shaaban Robert aliajiriwa forodhani mwaka 1926 akawa karani wa serikali miaka na miaka. Abdulrazak Gurnah alikuwa anafundisha Chuo Kikuu cha Kent huku anaandika riwaya, Nobel ikaja 2021 keshastaafu. Toni Morrison, mwandishi wa Marekani, alikuwa mhariri, analea watoto wawili peke yake, anaandika alfajiri kabla hawajaamka, riwaya yake ya kwanza ikatoka 1970. Ukiacha kazi ili uandike, mwenye nyumba hatasubiri sura ya mwisho.

Dhana: usiku wa manane ndio muda wa msanii

Kwa wengine sawa. Kama umefunga duka Kariakoo saa 3 usiku na nyumbani ni mbali kule Chanika, usiku lala.

Dhana: bila laptopu na utulivu haiwezekani

Simu inatosha. Ila tusidanganyane, saa 12 asubuhi ndani ya basi la mwendokasi umebanwa mpaka mkono hauufikii mfuko, huwezi kuandika kitu, na kwenye daladala ukikaa dirishani na simu mkononi ukifika kwenye foleni utaibiwa. Safari hiyo itumie kufikiria tatizo moja tu, labda kwa nini huyu dada amerudi kijijini, ukishuka ujirekodi kwa sauti kabla hujasahau. Muda wa kuandika ukifika zima data, maana hiyo hiyo simu ndio inayokula jioni zako, na ukimaliza jitumie nakala kwa imeili.

Dhana: ukiruka siku mbili tatu umeshaharibu

Hujaharibu. Mtoto ameumwa, mwisho wa mwezi ofisini, basi. Usifidie kwa kujipangia maneno 1,000 kesho, rudi kwenye zile 200.

Dhana: watu wa nyumbani wataelewa wenyewe

Hawaelewi, wanaona umekaa na simu tu kama siku zote, na kwa akina dada ndio kabisa, ukikaa dakika kumi mtu anaulizia chumvi iko wapi. Sema kwa mdomo kwamba saa 2 mpaka saa 2 na nusu haupo, tena mpatane: wewe nusu saa yako, mwenzako mpira wake bila kusumbuliwa, watoto ni zamu.