Maji kuwa meupe si dalili kwamba madini ya risasi yameisha

Wengi huamini kwamba maji machafu ya kiwandani yakipita kwenye makumbi ya nazi yakatoka meupe, madini mazito yamekwisha. Sivyo. Risasi na kadimiamu, ambazo ni madini mazito yenye sumu, zikiyeyuka hazionekani kwa macho. Weupe huonyesha tu kwamba tope limebaki nyuma.

Makumbi hushika metali kweli, lakini pH (kipimo cha asidi ya maji; namba ikishuka, asidi huongezeka) ndiyo inayoamua. Kwa risasi, irekebishe iwe 5 hadi 6. Ikishuka chini ya 3, ayoni (chembe zenye chaji) za haidrojeni huwahi nafasi kwenye nyuzi na risasi hubaki majini. Kromiamu-6 (aina moja ya metali ya kromiamu) ni kinyume: ina chaji hasi, hivyo hunaswa vizuri karibu na pH 2. Ndiyo maana pipa moja halitoshi kwa maji yenye zote mbili.

Osha makumbi mpaka yaache kutoa rangi ya kahawia (wengi huiruka hatua hii, kisha maji yanachafuka upya), kausha, saga, chekecha. Jaribu gramu 5 kwa lita, koroga saa 2, chuja, upime maabara.

Makumbi yaliyotumika sasa ndiyo yenye sumu. Usiyachome wala kuyafanya mbolea. Yahifadhiwe kama taka hatari.