Mbawakawa haui mwaloni, acheni kukimbilia msumeno

Wenye misitu wanaoniita huku Ulaya ya Kati, wakikuta matundu kwenye shina la mwaloni (mti wa oak) mzee neno lao la kwanza ni lilelile: huyu mdudu ananiulia mti, nipe kibali niukate kabla hajahamia mingine. Nimelisikia mpaka limenichosha. Mdudu mwenyewe ni mbawakawa mkubwa wa mwaloni, Cerambyx cerdo, mweusi wenye ukahawia kwenye ncha za mbawa, anafika sm 5, na dume papasi zake ni ndefu kuliko mwili wake wote.

Sikilizeni inavyokwenda. Jike anatafuta mwaloni mzee wenye shina nene, gome la nyufa, linalopigwa na jua, na mara nyingi mti huo umeshaanza kudhoofika miaka mingi kabla yeye hajatua pale, maji ya ardhini yameshuka kwa sababu ya mitaro, udongo umeshindiliwa na magari, ukame umepiga misimu mfululizo, au ni uzee tu. Anataga kwenye nyufa za gome. Buu anaanza kula huko kwenye gome, halafu anaingia kwenye mbao ya nje, mwishoni anachimba mpaka kwenye kiini, na safari hiyo inachukua miaka 3 hadi 5 ndipo ageuke mdudu kamili ndani ya chumba alichojichimbia, na hata hapo hatoki, anakaa humohumo baridi yote mpaka kwenye mwezi wa 5 au wa 6. Ni kweli matawi yanakauka, ni kweli mabuu wakiwa wengi wanauzidishia mti udhaifu, sibishi. Lakini mwaloni unaishi nao miongo na miongo, vizazi kwa vizazi kwenye shina lilelile. Ukiuliza kilichoanza kuuangusha mti, kaangalie mtaro kwanza.

Na hilo la "kuhamia mingine" ndilo linaniudhi zaidi, maana huyu mdudu ni mvivu wa kusafiri. Wengi wanabaki kwenye mti waliotokea au miti ya jirani kabisa, wachache ndio wanaenda mbali. Sasa ukikata mti wake na mwaloni mzee wa karibu haupo, ujue umemmaliza eneo zima. Ndiyo maana yumo kwenye Agizo la Makazi ya Viumbe la Umoja wa Ulaya la mwaka 1992, viambatisho vya II na IV, yaani orodha za viumbe wanaolindwa, kumuua kwa makusudi au kuharibu mti anaozalia ni kosa, hata kama mti ni wako na shamba ni la babu yako. Halafu si yeye peke yake. Utafiti uliotoka 2008 huko Lower Saxony, Ujerumani, ulikuta mialoni yenye Cerambyx cerdo ina aina nyingi zaidi za mbawakawa, wakiwemo walio hatarini, kuliko ile asiyokuwemo. Yale matundu unayoyachukia ni nyumba za wengine.

Kitu ninachomwambia kila mtu: mpe shina jua! Zamani mifugo ilichungwa chini ya mialoni hii, vichaka havikupata nafasi, malisho yalipoachwa miti michanga ikapanda na shina likaingia kivulini. Fyeka upande wa kusini, ndiko jua la huku linakopiga zaidi, ila taratibu, misimu miwili mitatu, mti mzee ukivuliwa kivuli ghafla unaumia.

Eti atakula fenicha na paa? Hapana. Anayekula mbao kavu za nyumba ni mbawakawa mwingine, Hylotrupes bajulus, na huyo anataka misonobari na jamaa zake. Cerambyx cerdo hatagi kwenye mbao kavu, basi.

Eti ni yule mbawakawa mvamizi wa Asia? Yule ni Anoplophora glabripennis, mweusi wa kung'aa mwenye madoa meupe, alisafiri kwenye mbao za kufungia mizigo, akaonekana New York mwaka 1996, na huyo kweli anashambulia miti yenye afya. Tundu lake ni duara safi la kama mm 10. La huyu wetu ni la yai na mara nyingi ni kubwa zaidi, kidole kinaingia. Angalia kabla hujapiga simu.

Eti tumepanda miche mia ya mialoni, inatosha? Pandeni, ni vizuri sana, ila miche hiyo itamfaa baada ya miaka mia hivi, na mabuu waliopo wanahitaji mti uliopo.

Tawi likining'inia juu ya njia ya watu, kata tawi. Shina likishindikana kabisa, omba kibali, kata juu tu, bakiza kisiki kirefu kilichosimama juani ili mabuu waliomo wamalize miaka yao. Ukiona unga mpya wa mbao chini ya shina, wamo, mti usiuguse.