Oscar Micheaux: yanayosemwa na yaliyokuwa

Mtaje Oscar Micheaux mbele ya wapenzi wa sinema za zamani, hutakosa mtu wa kukwambia kuwa ndiye Mmarekani mweusi wa kwanza kutengeneza filamu. Siyo kweli. William Foster alikuwa ameshaanza kushuti vichekesho vifupi Chicago mwanzoni mwa miaka ya 1910, na kina Johnson, Noble na mdogo wake George, walikuwa na kampuni yao ya filamu, Lincoln, tangu 1916. Alichotangulia Micheaux ni filamu ndefu: The Homesteader, ya mwaka 1919.

Tena ni hao hao Lincoln waliomsukumia kwenye kazi hii bila kukusudia. Micheaux alikuwa mwandishi, nao waliitaka riwaya yake ya The Homesteader waifanye filamu. Yeye akashikilia kwamba lazima aiongoze mwenyewe, na kamera hajawahi kuishika. Wakashindwana.

Wengine humweka Hollywood, eti mtaji aliupata huko. Wapi! Mzaliwa huyu wa Illinois (1884) alikuwa mhudumu wa mabehewa ya kulala kwenye treni, akadunduliza, akachukua shamba South Dakota, karibu majirani zake wote wakiwa wazungu. Mvua ilipogoma na shamba likamponyoka, akageukia kuandika riwaya, akawa anazitembeza mwenyewe mlango kwa mlango. Alipotaka hela ya filamu, alirudi kwa wakulima na wafanyabiashara wa aina ile ile, kule Sioux City, Iowa, akawauzia hisa. Mie hapo ndipo ninapomvulia kofia, kuliko hata kwenye filamu zenyewe.

Kuhusu filamu zenyewe, husemwa zina makosa kwa sababu hakujua kazi. Makosa yapo: mwigizaji anababaika, na sini imeachwa hivyo hivyo. Lakini kurudia sini ni kuchoma mkanda, na mkanda ni pesa. Alishuti hata majumbani kwa marafiki. Kisha alibeba filamu mji hadi mji, mkononi ana picha za waigizaji wa filamu ijayo, akiwabembeleza wenye majumba ya sinema wampe chochote kabla haijashutiwa. Mwaka 1928 alifilisika. 1931 akatoka na The Exile, filamu ya sauti.

Alitengeneza zaidi ya 40, nyingi zimepotea. Na usidhani Within Our Gates ya 1920 tunaiona kama alivyoiacha. Chicago wakaguzi waliikatakata, wakihofia sini ya watu weusi kuuawa na kundi la wazungu ingewasha fujo, maana machafuko ya 1919 kati ya wazungu na weusi mjini humo yalikuwa bado mabichi. Nakala iliyosalia ilikutwa Hispania, ikiitwa La Negra, na maandishi yake ya kwenye skrini (filamu yenyewe haina sauti) karibu yote yalikuwa ya Kihispania. Ilipokarabatiwa, mwaka 1993, ikabidi yarudishwe kwenye Kiingereza. Kwa hiyo mhusika wake anapofungua mdomo leo, maneno unayoyasoma kwa sehemu kubwa ni tafsiri ya tafsiri.