Kadi mpya, kompyuta haiwaki: uliza kwanza inazima lini

Mteja akiniletea kadi ya grafiki mpya akasema ni mbovu, sianzi kwa kuuliza ni ya kampuni gani. Nauliza inazima lini. Kama inagoma tangu unapobonyeza swichi, hayo ni mambo ya waya na pini. Kama inawaka vizuri, unasoma barua pepe na kutazama video bila shida, halafu kompyuta inajizima gemu likishakolea, hayo ni mambo ya wati. Ni magonjwa mawili, ila watu wanayatibu kwa dawa moja: wanarudisha kadi dukani na kudai nyingine.

Kadi inapata umeme kwa njia mbili. Sloti ya PCIe, yaani ule mfereji kadi inapochomekwa kwenye mazabodi (ubao mkuu wa kompyuta), inatoa hadi wati 75, basi. Kadi nyingi za GTX 1650 zinaishi kwa hizo tu, ndiyo maana hazina tundu la waya ubavuni. Kadi zinazokula zaidi zinadai waya wao moja kwa moja kutoka kwenye pawasaplai, kile kisanduku kinachogawa umeme ndani ya kompyuta: wa pini 6 unaongeza wati 75, wa pini 8 unaongeza 150. Kadi ya RTX 3060 ya wati 170 inatosheka na waya mmoja wa pini 8. RTX 4090, iliyotoka mwaka 2022, inakula 450, na tundu lake la pini 16 limepangiwa kubeba hadi 600.

Tuanze na ile inayogoma tangu mwanzo. Angalia waya wa monita umechomekwa wapi. Usicheke. Kama bado uko nyuma kwenye mazabodi wakati kadi ina matundu yake, kioo kinaweza kubaki cheusi na kompyuta haina tatizo lolote. Halafu angalia kama kadi imezama kwenye sloti mpaka kile kishikizo cha mwisho kikalia "ta".

Sasa njoo kwenye waya wenyewe. Waya wa kadi mara nyingi umegawanyika 6 na 2: pini sita pamoja, na vipini viwili vinavyoning'inia pembeni. Hivyo viwili ndivyo watu wanavyoviacha nje. Havibebi umeme wa ziada wa maana, lakini kadi inavitumia kutambua kwamba waya kamili umefika. Vikikosekana, kadi inaweza kugoma, feni zikazunguka kwa kelele, na kadi nyingi za Nvidia zinaandika kwenye kioo ujumbe wa Kiingereza unaokutaka uzime kompyuta na kuunganisha waya za umeme za kadi. Watu wanaupiga picha na kunitumia. Ujumbe umeshasema kila kitu.

Hatari zaidi ni waya wa prosesa. Nao una pini 8, ila umegawanyika 4 na 4, na pini zake za volti 12 ziko upande ambao waya wa kadi una pini za ardhi, yaani za kurudisha umeme. Maumbo ya plastiki yamefanywa tofauti makusudi ili usiingie, lakini mwenye nguvu za kutosha anaushindilia. Ukibonyeza swichi, feni zinagutuka mara moja, kisha kimya: pawasaplai imeona shoti ikajikata. Kama plastiki inakataa, usibishane nayo. Soma maandishi madogo kwenye kichwa cha waya: PCIe ni wa kadi, CPU ni wa prosesa. Na kama pawasaplai yako ni ya nyaya za kuchomoa, usiazime waya wa pawasaplai nyingine hata kama unaingia vizuri. Upande wa kadi pini zinafuata mpangilio mmoja, lakini upande wa pawasaplai kila mtengenezaji ana wake.

Ugonjwa wa pili unahitaji tochi. Fungua ubavu wa kompyuta utafute kijedwali kilichobandikwa kwenye pawasaplai. Maandishi makubwa yanayosema 500W ni ya kuuzia. Wewe tafuta safu ya +12V na usome ampea zake. Ikiwa imeandikwa 25A, zidisha kwa 12: una wati 300, kwa sababu kadi na prosesa zote zinakula kwenye volti 12. Prosesa ikichapa kazi inaweza kuchukua 100, kadi 170, ongeza feni na diski; umebakiwa na nini? Na hiyo 170 si dari. Kadi inaruka juu kwa sehemu ndogo sana za sekunde, na pawasaplai dhaifu inajikata hapo hapo.

Kupima ni rahisi, wala huhitaji kununua kitu. Pakua MSI Afterburner, programu ya kurekebisha kadi, shusha kikomo cha umeme cha kadi hadi asilimia 70 au chini kadiri inavyokuruhusu, kisha cheza gemu lile lile. Ikiacha kujizima, mtuhumiwa wangu wa kwanza ni pawasaplai. Jaribu pia bila UPS, lile boksi la betri la kushikilia umeme ukikatika. UPS ya VA 650 mara nyingi haifiki hata wati 400, na hapo umeichomekea na monita.

Adapta za kutoka SATA (waya wa umeme wa diski) kwenda pini 8 naziona kila mara, na nikizikuta nazitoa. Kichwa cha SATA kina pini tatu za volti 12, kila moja ampea 1.5, jumla wati 54. Unakidai 150. Plastiki inaanza kuwa ya kahawia, inalainika, harufu inakuja baadaye.

Waya wa pini 16 una adabu yake: sukuma mpaka pasibaki mwanya, na usiukunje karibu na kichwa, acha kama sentimita 3.5 zimenyooka. Toleo la tundu hilo la mwaka 2023, liitwalo 12V-2x6, lilifupisha vipini vidogo vya kuhisi ili kadi igome kama waya haujaingia wote.

Wenye kompyuta za ofisi zilizotumika, zile nyembamba, hali yao ni nyingine. Pawasaplai zake nyingi ni za wati 180 hadi 300, hazina waya wa kadi, na baadhi zina plagi ya mazabodi ya mtengenezaji mwenyewe, kwa hiyo hata kubadilisha pawasaplai si jambo la kuingia dukani na kutoka. Hao nawaambia watafute kadi isiyo na tundu la waya, tena ile fupi, na wapime urefu wa nafasi ndani ya kasha kabla hawajatoa hela.