Vibua kwenye karai

Ukifika soko la samaki Feri asubuhi utaona changu na nguru ndio wanaogombewa. Vibua wamelazwa kwenye beseni, mafungu mafungu, kama mboga ya siku ambayo mfuko umetoboka. Mimi, mtaalamu wa lishe, naanzia kwenye beseni hilo.

Mpasue kibua mmoja. Chini ya ngozi nyama imekolea wekundu wa kahawia, na vidole vinabaki na utelezi. Utelezi huo ni mafuta, na ndio wenye omega-3, aina ya mafuta yenye faida mwilini. Chanzo chake ni mimea midogo mno inayoelea baharini. Huliwa na viumbe wadogo wa baharini, nao huliwa na samaki. Miili yetu hutengeneza kidogo sana, kwa hiyo sharti itoke kwenye chakula. Ikishaingia, inasaidia ini kupunguza trigliseridi, yaani mafuta yanayozunguka kwenye damu. Changu ana nyama nyeupe, protini safi, ila mafuta hayo anayo kidogo. Jodari na dagaa wako upande wa kibua.

Tatizo letu Dar ni karai. Samaki anazamishwa kwenye mafuta yaliyokaangia tangu alfajiri, meusi kama chai ya rangi. Hapo hubadilishana: sehemu ya mafuta yake hutoka, ya karai huingia. Tena chumvi inanyunyiziwa juu! Shirika la Afya Duniani linashauri chumvi isifike gramu 5 kwa siku, kama kijiko cha chai, na ng'onda mmoja anaweza kukumalizia fungu lako. Mbanike kibua kwa ndimu na kitunguu saumu, au mchemshe na nyanya, na mchuzi wake usiumwage. Mara mbili kwa wiki inatosha.

Kliniki watu huniuliza sana kuhusu kamba: si wana lehemu (kolesteroli)? Wanayo, ila mafuta mabaya ni machache. Mimi naogopa zaidi tui zito wanalopikiwa.

Wengine huja na chupa za vidonge vya mafuta ya samaki. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2018, wenye watu zaidi ya 25,000, uliona kuwa gramu 1 kwa siku haikupunguza vya kutosha jumla ya shambulio la moyo, kiharusi na vifo vya moyo. Dozi kubwa zinaweza hata kuvuruga mapigo ya moyo. Ukitaka kuvitumia, muulize kwanza daktari wako, na dawa zako za presha usiziache kwa sababu umeanza kula vibua.