Je, wajua? Unaweza kununua hisa siku 2 kabla daftari halijafungwa na gawio ukalikosa

Dada mmoja anayeuza vitenge hapa Kikuubo, Kampala, aliniuliza jambo linaloumiza wengi. Alisikia kampuni fulani itafunga daftari la wenye hisa Ijumaa, yaani walio na jina humo siku hiyo ndio watakaolipwa gawio, ile sehemu ya faida kampuni inayowagawia wenye hisa, akakimbia kwa broka akanunua Jumatano, siku ya malipo ikafika wenzake wakapata meseji za pesa kwenye simu, yeye hakuna kitu. Mbona?

Ni hivi. Kwenye soko letu la hisa hapa Uganda ukinunua leo, hisa haziingii kwenye akaunti yako ya SCD, ile inayotunza hisa zako, leo, zinachukua siku 3 za kazi. Za kwake ziliingia Jumatatu, na Ijumaa daftari lilikuwa bado lina jina la aliyemuuzia, basi gawio likaenda huko. Angenunua Jumanne: Jumatano 1, Alhamisi 2, Ijumaa 3, jina limo. Kuanzia ile Jumatano unanunua hisa tupu, gawio limeshabaki kwa muuzaji, na yeye atalipwa hata kama siku ya malipo hana tena hisa hata moja. Marekani tangu Mei 2024 wanamaliza kwa siku 1, kwa hiyo ukijifunzia kwenye video za kule usihesabu siku zao huku.

Na usisubiri hata hiyo Jumanne. Soko letu dogo, oda inaweza kukaa siku kadhaa na muuzaji hajatokea.

Wengine wanasema basi nanunua mapema kidogo, nachukua gawio, nauza kesho yake. Haiendi hivyo jamani. Tuseme hisa ni shilingi 250 na gawio ni 15, siku hisa inapokuwa tupu mnunuzi anajua hizo 15 hazimhusu, atoe 250 za nini? Atataka kama 235. Bado broka anakukata ukinunua na anakukata tena ukiuza, na kodi ipo: mtu binafsi mkazi wa Uganda anakatwa 10% ya gawio la kampuni iliyo sokoni kabla pesa haijamfikia. Hisa 10,000 zinakupa 150,000, mkononi inafika 135,000.

Sasa ile asilimia watu wanaita yildi. Ni gawio la mwaka gawanya kwa bei ya hisa, 15 kwa 250 ni 6%, baada ya kodi 5.4%. Hapa ndo naomba uwe makini sana, maana bei ikianguka mpaka 150 yildi inaonekana 10%, tamu kweli, kumbe hizo 15 ni za mwaka jana na bei imeanguka kwa sababu watu wameona kitu mbele. Chukua kampuni ya Umeme ya hapa Uganda, mkataba wake wa miaka 20 wa kusambaza umeme uliisha 31 Machi 2025, aliyepiga hesabu kwa magawio ya nyuma bila kuangalia tarehe hiyo alikuwa anahesabu pesa za biashara inayofungwa.

Malipo yenyewe huja wiki kadhaa baada ya daftari kufungwa, na gawio la mwisho wa mwaka linasubiri wenye hisa walipitishe kwenye mkutano mkuu. Kama umebadilisha laini ya simu au benki mwambie broka wako mapema, gawio likitumwa kwenye akaunti iliyokufa linarudi na kuanza kulifuatilia ni safari ndefu. Yule dada alikuwa bado ameandikisha laini aliyoipoteza zamani, tuliibadilisha siku hiyohiyo.